Imekamilika, Bado Tupa

Jumanne, tarehe tatu Juni. Asubuhi hiyo mvua ya manyunyu ilianza saa kumi na mbili na haikukatika hadi saa nne, ingawa Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza jua kali. Katika nchi yetu ya Mbeleni, wingu halina mamlaka ya kupinga tangazo la serikali. Kwa hiyo tulisimama uwanjani bila miavuli, tukalowa kizalendo, na waliopiga chafya walipiga kwa adabu.

Tulikuwa tumekuja kuipokea Mashine.

Iliteremshwa kutoka kwenye lori ikiwa ndani ya sanduku la mbao kubwa kama kibanda cha mlinzi. Ilitoka nchi ya mbali ambako watu, tuliambiwa, huamka mapema na hawana vikao. Aliyeipokea ni Mheshimiwa Dakta Mtimkavu, Waziri wa Maumbo. Wizara ya Maumbo ilikuwa imeundwa wiki moja kabla, ili Mashine isije ikafika ikakuta haina wa kumwomba ruhusa.

"Ndugu wananchi!" alisema Mheshimiwa. "Zamani chuma kilimtawala binadamu. Leo binadamu anakitawala chuma. Na binadamu, kama mnavyojua, anatawaliwa na nani?"

"Na wewe, Mheshimiwa!"

"Basi chuma kimeshika adabu."

Tukapiga makofi. Makofi ya watu waliolowa yana sauti yake, kama mtu anayefua mashuka.

Kisha akamwita Yusta Ndimbo, fundi wa karakana ya Chuo cha Ufundi. Yusta alikuwa amefagia karakana hiyo miaka ishirini, akizoa chembe za chuma zilizomwagwa na wenzake. Alipofika miaka arobaini na sita akajiandikisha darasa la jioni, akakaa dawati moja na mimi, sote wawili tukiwa na miwani na mvi. Yeye akahitimu ufundi. Mimi nikajifunza kuandika barua bila kuanza na salamu za ukurasa mzima. Mungu humpa kila mmoja kipimo chake. Nchi nzima, Yusta ndiye pekee aliyekuwa amesoma kitabu cha maelekezo ya Mashine hadi ukurasa wa mwisho.

"Hebu, mama, waeleze wananchi. Hii inafanya nini?"

"Inachonga, Mheshimiwa. Unaipa mchoro kwenye kompyuta, unaifungia kipande cha chuma, au mbao, au plastiki ngumu. Nayo inakichonga mpaka kinatoka umbo lile lile la mchoro. Hata maumbo yenye mikunjo ambayo mkono wa fundi hauyafikii."

"Umbo lolote?"

"Lolote, Mheshimiwa."

"Hata langu?"

Yusta akamtazama kuanzia kola hadi mkanda, kwa macho ya kifundi. "Linawezekana, Mheshimiwa. Ila litahitaji chuma kingi."

Watu wakacheka, wakanyamaza, wakamtazama mkuu wa polisi, na walipoona naye anatabasamu wakamalizia kicheko chao.

Uzinduzi haukufanyika siku hiyo. Bwana Sudi Kigoda, Katibu Mkuu wa Wizara, alikuwa ametoa mwongozo kwamba utepe wa uzinduzi ukatwe kwa mkasi uliochongwa na Mashine yenyewe, ili dunia ione. Mwongozo wake mwingine ulisema Mashine isichonge chochote kabla ya kuzinduliwa. Miongozo yote miwili ilikuwa mizuri, na hakuna mtu aliyepata ujasiri wa kuikutanisha. Uzinduzi ukasubiri mkasi, mkasi ukasubiri uzinduzi, na utepe mwekundu ukabaki umeizunguka Mashine kama kidonda kilichofungwa bendeji.

Baada ya miezi miwili Kamati ya Maumbo ya Wizara ikatamka kwamba Mashine "imezinduliwa kwa kiasi". Iruhusiwe kufanya kazi, ila utepe usiguswe. Kila asubuhi Yusta aliinama kupita chini ya utepe, na kwa kuwa alikuwa ameshainama, alisali hapo hapo.

Sambamba na hilo ilitangazwa Sera ya Kuaga Zana za Kale. Nchi yenye Mashine haiwezi kuonekana na nyundo. Wakaja wapagazi na magunia kumi na mawili, wakazoa nyundo, patasi, misumeno na tupa, yaani vile vyuma virefu vyenye meno madogo madogo ambavyo fundi husugulia makali. Zote, walisema, zinakwenda Makumbusho ya Taifa. Bwana Kigoda alisimamia zoezi hilo mwenyewe bila kuuliza jina la kifaa hata kimoja. Maishani mwake hakuwahi kushika kitu kizito kuliko muhuri.

*

Mwezi wa nane akaja Apolinari, muuguzi mkuu wa Hospitali ya Kigongoni, amebeba kitu kilichofungwa kitenge kama mtoto mchanga. Akakiweka mezani, akakifunua. Ilikuwa impela ya pampu ya hospitali, yaani kile kigurudumu chenye mapanga saba yaliyopinda ambacho kikizunguka husukuma maji kutoka kisimani hadi kwenye tangi. Mapanga manne yalikuwa yamekatika.

"Dada Yusta, hali si hali," alisema. "Wiki ya saba hii hatuna maji. Kila mama anayekuja kujifungua anaambiwa aje na ndoo tano. Jana mtoto wa watu nimemwogesha kwa maji ya madafu."

"Serikali inasemaje?"

"Inasema maji yapo mbele."

"Mbele wapi?"

"Niliuliza hivyo hivyo. Wakaniambia nisiwe na haraka ya kurudi nyuma." Akafuta jasho. "Tumsifu wako yuko mwezi wa ngapi?"

Tumsifu ni binti pekee wa Yusta, na hiyo ndiyo mimba yake ya kwanza. "Wa tisa. Umeanza Jumapili."

"Basi chonga, dada. Chonga kabla hajafika kwangu."

Yusta akapima kila panga, akayachora kwenye kompyuta siku nne, mkunjo kwa mkunjo. Kisha akajaza Fomu ya Maombi ya Umbo na kufika mbele ya Kamati ya Maumbo, wajumbe saba walioteuliwa kwa sababu hawakuwa na kazi nyingine ya kuwaingilia. Bwana Kigoda alikuwa mwenyekiti.

"Mama Yusta, haya mapanga, mbona yote yamepinda?"

"Ndivyo yanavyotakiwa, Bwana Katibu. Yakipinda hivyo ndiyo yanayasukuma maji juu."

"Kaulimbiu ya taifa ni ipi?"

"Nyooka Mbele."

"Nyooka! Sasa wewe unataka mali ya umma ichonge vitu vilivyopinda?"

"Yakinyooka, maji hayapandi."

"Maji yataelimishwa," alisema mjumbe wa elimu ya umma.

Mjumbe mwingine akagundua kwamba mapanga ni saba na wajumbe ni saba, akashauri kila panga lipewe jina la wilaya ya mjumbe mmoja. Hoja ikapita kwa shangwe. Hapo ukazuka ugomvi, kwa kuwa kila mmoja alitaka la kwake liwe refu kidogo kuliko la jirani. Yusta akawaeleza kwamba yote lazima yalingane, vinginevyo pampu itatikisika mpaka ing'oke. Waliposikia kwamba kuna jambo katika nchi ya Mbeleni linalohitaji usawa ili lifanye kazi, walihuzunika, wakaomba mapumziko ya chai.

Waliporudi, Yusta alikuwa ameugeuza mchoro.

"Wazee, tafadhali fumbeni jicho moja. Litazameni panga kutokea mbele kabisa, kwenye ncha."

Wajumbe saba wakafumba jicho moja kila mmoja.

"Linaonekanaje?"

"Limenyooka," alisema Bwana Kigoda kwa mshangao.

Wakaandika kwenye kumbukumbu kwamba mapanga yamenyooka kwa mtazamo wa mbele, nao ndio mtazamo wa serikali, wakagonga muhuri.

*

Kesho yake akaja Kachero Kimya, mtu wa usalama, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Mkononi alikuwa na ile fomu, mstari mmoja umepigwa wino mwekundu.

"Ni wewe uliyeandika kwamba mashine inapindua?"

"Ndiyo, afande."

"Inapindua nini?"

"Chuma. Inakipindua pande tano, ndiyo maana kisu kinafika kila mahali."

"Pande tano!" Kachero akahesabu kwa vidole. "Wale tunaowafuatilia sisi hupindua upande mmoja tu. Haya, leo inapindua chuma. Kesho?"

"Kesho nayo chuma, afande, kikipatikana."

"Nani mwingine anajua kwamba inapindua?"

"Darasa zima la jioni."

Akaandika. Nilipopata habari hiyo niliugua mafua siku mbili nisihudhurie darasa la jioni, ambalo mimi nilikuwa sijalimaliza, Mungu anisamehe, maana hata pua sikupenga.

Kachero akakaa kwenye kigoda siku tatu akiikodolea Mashine macho, aone kama itajaribu. Nayo ilikuwa imezimwa. Siku ya tatu akasinzia, akaota nchi ni shwari, akaamka akaandika ripoti kwamba nchi ni shwari. Sharti likawa moja, kwamba neno libadilishwe. Fomu ikasomeka hivi: "Mashine hukishauri chuma kigeuke, nacho hugeuka kwa hiari yake."

Siku hizo tatu Tumsifu alikuwa tayari anatembea ameshika kiuno.

*

Ijumaa asubuhi Yusta aliinama chini ya utepe. "Bwana," alisema, "Wewe uliyemfinyanga Adamu kwa udongo bila kujaza fomu, uiongoze hii." Kisha akafunga kipande cha chuma kisichoshika kutu, akabonyeza kitufe.

Niliona kwa macho yangu, kupitia kioo. Kichwa cha Mashine kilishuka taratibu, na kile kimiminika cheupe cha kupozea kikaanza kumwagika kama maziwa. Meza ikainama, ikazunguka, ikainama tena. Kisu kikaingia mahali ambapo kidole cha mtoto kisingeingia. Panga la kwanza likatokeza ndani ya chuma kana kwamba lilikuwa limejificha humo tangu mwanzo, likisubiri kuitwa. Saa nane mchana yalikuwa yametokeza yote saba, na hakuna wilaya iliyozidi nyingine.

Ilibaki kazi ndogo tu. Pale kipande kilipokuwa kimeshikwa palisalia vimeno vikali, navyo lazima visuguliwe kwa mkono, la sivyo vitakwaruza ganda la pampu na kuiharibu kwa siku moja. Kazi ya robo saa, ukiwa na tupa. Na karakana nzima ya Mbeleni, yenye Mashine iliyoshangaza dunia, haikuwa na tupa hata moja. Yusta alijaribu jiwe, jiwe likakwisha.

Ikabidi aombe wizarani. Fomu ya Taarifa ya Umbo ina sehemu moja tu ya kuandika, nayo imeandikwa juu yake: *Maelezo yasizidi maneno matatu, kwa kuheshimu muda wa Mheshimiwa.* Yusta akafikiri, akaandika:

*Imekamilika. Bado tupa.*

Alipokuwa anaikabidhi, simu ikalia. Uchungu wa Tumsifu ulikuwa umeanza. Yusta akaifunga karakana, akabeba ndoo mbili, mimi nikabeba mbili, jirani akabeba ya tano, tukampeleka Kigongoni.

Nyuma yetu ile fomu ilifika kwa Bwana Kigoda. Aliisoma mara mbili, akaguswa. Pembeni akaandika kwa mkono wake mwenyewe: "Huyu mama ana nidhamu ya kuigwa. Kazi imekamilika, na sasa anaomba ruhusa ya kutupa. Wengi hutupa bila kuomba. ITUPWE."

Kamati ya Kutupa Mali ya Umma ilikaa saa tisa, ikapitisha saa tisa na dakika kumi. Katika historia ya Mbeleni hakuna jambo lililowahi kwenda kasi namna ile. Saa kumi impela ilitoka karakanani ikiwa juu ya mto wa kitambaa cha zambarau, ikasindikizwa na magari matatu na king'ora hadi Jalala Kuu.

*

Jumamosi saa mbili asubuhi Yusta alirudi. Tumsifu alikuwa bado anahangaika, ndoo za maji zikiwa zimebaki moja na nusu. Mezani alikuta karatasi: "Umbo lako limetupwa kama ulivyoomba. Wizara inakupongeza."

Alimkuta Bwana Kigoda ofisini, anakunywa chai.

"Bwana Katibu, umefanya nini? Niliomba tupa!"

"Nasi tumetupa."

"Tupa, Bwana Kigoda! Tupa!"

"Mama, mara ngapi? Tulitupa mara moja, ikatosha."

"Tupa ya kusugulia! Chuma! Chenye meno!"

Bwana Kigoda akaweka kikombe chini kwa upole wa mtu aliyekwisha kustaafu akilini. "Mama Yusta, ulikuwa na maneno matatu. Kama ulitaka kusema la nne, ungeomba Fomu ya Neno la Ziada. Usije hapa sasa kututupia lawama."

Yusta akageukia mlango. Kama alisali au alilaani sijui, midomo ilikuwa inacheza tu. Tukatoka mbio, yeye na mimi, hadi Jalala Kuu.

Huko tulimkuta Bi. Mwanahawa, mwokota vyuma chakavu, anapika maharage. Sufuria ilikuwa imekaa vizuri kabisa juu ya mapanga saba yaliyopinda.

"Bi mkubwa!" Yusta akapiga magoti. "Hicho chini ya sufuria ni changu!"

"Hiki? Kimeletwa jana na king'ora. Nikadhani ni maiti ya mkubwa, hata nikavua kilemba." Akachungulia motoni. "Jiko zuri. Halitikisiki. Unataka kuniharibia maharage?"

"Mwanangu anajifungua Kigongoni bila maji. Hicho ndicho kinacholeta maji."

Bi. Mwanahawa hakuuliza la pili. Akaipua sufuria kwa pindo la kanga, akaisukuma impela kwa kijiti, tukaimwagia mchanga ipoe polepole. Nilimwona Yusta akiishika kwa kanga, akilitazama kila panga kwa jicho moja. Halikupinda hata moja zaidi ya lilivyopindwa.

"Chuma hiki ni kizuri, moto wa maharage haukiwezi," alisema. "Ila vimeno ni vile vile. Ah, ningepata tupa!"

"Tupa?" akauliza Bi. Mwanahawa. "Unataka bapa au ya duara?"

Tulimtazama.

Akatupeleka nyuma ya kibanda chake. Yalikuwepo magunia kumi na mawili, yote yamegongwa muhuri wa Makumbusho ya Taifa. "Yaliletwa wiki chache zilizopita. Nikawauliza, jamani, si mnasema Makumbusho? Wakaniambia, bibi, ndiyo hapa."

Yusta akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaibana impela magotini, akasugua. Waokota chakavu wakatuzunguka. Ule mlio wa tupa juu ya chuma, kwaru, kwaru, sijawahi kusikia wimbo wa kanisani ulionitoa machozi kuliko huo. Robo saa, kama alivyosema.

Saa sita kasoro impela iliingia kwenye pampu. Apolinari akawasha. Mabomba yakakohoa, yakatema kutu, yakatema mjusi, kisha yakatema maji. Wodi ya wazazi ikapiga vigelegele, na katikati ya vigelegele hivyo tukasikia sauti ndogo kali ya mtu mpya asiyejua kaulimbiu yoyote. Tumsifu alikuwa amepata mtoto wa kike. Akaogeshwa kwa maji ya bomba, wa kwanza baada ya wiki nane.

*

Saa nane msafara ukaingia. Tulikuwa tumesahau. Ilikuwa siku iliyopangwa ya Mheshimiwa Dakta Mtimkavu kuzindua Ahadi ya Maji ya Kigongoni. Jukwaa lilikuwa limeshajengwa tangu Alhamisi.

Bwana Kigoda alishuka wa kwanza, akaikuta koki ya uani inamwaga maji na akina mama wamepanga foleni ya ndoo. Uso ukamshuka.

"Nani amefungua haya?"

"Pampu imepona," alisema Apolinari.

"Imepona kwa kibali cha nani? Mheshimiwa amekuja kuahidi maji! Ataahidije maji na maji yapo? Funga koki! Funga mpaka ahadi iishe!"

"Itaisha lini?"

"Awamu ya tatu. Miaka minne, si mingi."

Mheshimiwa mwenyewe alikuwa amesimama kwenye matope mapya, akiyatazama viatuni kama mtu anayetazama uasi. Mlinzi mmoja akaielekea koki. Ndipo Yusta akatoka wodini, mjukuu mkono wa kushoto, tupa mkono wa kulia. Akasimama mbele ya koki. Mlinzi akasimama pia, maana ni vigumu kumsukuma mtu mwenye mtoto wa saa mbili.

"Mheshimiwa," alisema Yusta, "umekuja kutoa ahadi, na wageni wameshakaa. Isiwe wametoka bure. Naomba niitoe mimi."

Hakuna kipengele kwenye ratiba kilichokataza. Mheshimiwa akamtazama Bwana Kigoda. Bwana Kigoda akapekua makaratasi yake, hakukiona.

Yusta akainua ile tupa juu, kama mwingine anavyoinua Biblia mahakamani. Mashahidi tulikuwapo wengi: mimi, Apolinari, Bi. Mwanahawa na masizi yake, Kachero Kimya aliyekuwa ameivua miwani, na akina mama wote wenye ndoo na wenye watoto.

"Mimi Yusta Ndimbo," alisema kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "naahidi mbele za Mungu na mbele yenu nyote. Koki hii haitafungwa. Pampu ikisimama, nitachonga impela nyingine, iliyopinda vile vile, na tupa hii haitatoka mkononi mwangu tena. Na Wizara ikiniandikia barua yoyote kuhusu jambo hili, naahidi nitaisoma kwa makini, neno kwa neno, kama Bwana Kigoda alivyosoma yangu. Nikiimaliza, bado tupa."